Maji ya kifuani yalibadilika rangi mgonjwa alipoanza kulishwa: uchambuzi wa kisa cha limfu kuvujia kifuani baada ya operesheni ya umio

Kabla ya yote niseme wazi kwamba mgonjwa wa hapa ni wa mfano, nimemuunga kutokana na mambo yanayotokea kwa wagonjwa wa aina hii ili tupite naye siku baada ya siku, kwa hiyo msihangaike kumtafuta ni nani. Namba zake nimezipanga zifanane na zile zinazoonekana wodini.

Mwanaume wa miaka 58, kilo 62, ana kansa ya umio sehemu ya chini. Alipewa kwanza dawa za kansa ili uvimbe upungue, halafu akafanyiwa operesheni kubwa ya kuondoa umio, ile ya kupitia tumboni na kifuani upande wa kulia, tumbo la chakula likavutwa juu kuunganishwa na kipande cha umio kilichobaki. Alitoka na mrija wa kifua upande wa kulia, na mrija mwingine mwembamba wa kulishia umeingizwa moja kwa moja kwenye utumbo mdogo, maana kwa mdomo alikuwa bado haruhusiwi kitu.

Siku ya kwanza mrija wa kifua ulitoa mil 420 za maji mekundu mekundu. Siku ya pili mil 310, siku ya tatu mil 280, na rangi inazidi kuwa nyepesi. Kila mtu karidhika. Jioni ya siku ya tatu wakaanzisha maziwa maalum ya lishe kwa ule mrija wa utumbo, taratibu kabisa. Siku ya nne chupa ikaonyesha mil 750. Siku ya tano mil 1,500, na yale maji yakawa na weupe kama maziwa yaliyochanganywa maji mengi. Mgonjwa akaanza kuhema, pumzi 28 kwa dakika, oksijeni kwenye damu asilimia 91 na hapo tayari anasaidiwa kwa oksijeni ya puani. Picha ya eksirei ikaonyesha maji bado yamejaa chini upande wa kulia pamoja na kwamba mrija upo, na sehemu ya chini ya pafu imesinyaa.

Sasa hapa ndo penye utamu wa kisa chenyewe, kwa sababu mgonjwa aliyetolewa umio akianza kuhema siku ya tano, jambo la kwanza linalomjia kila mtu kichwani ni kwamba ule muunganiko mpya umeachia na uchafu unavujia kifuani, na ni sawa kuogopa hilo kwanza maana linaua haraka. Wengine watasema moyo umezidiwa na dripu, wengine watasema ni albumini (protini kuu ya kwenye damu) iko chini ndo maana maji yanajaa, wengine nimonia. Yote yanawezekana. Ila ukikaa na ile karatasi ya kuandikia maji yanayotoka na kuingia, ukaweka kidole kwenye saa lishe ilipoanza, unaona maji yalikuwa yanashuka vizuri tu, lishe ikaingia, maji yakapanda. Moyo uliozidiwa hauna habari na saa ya kulisha. Kinachojua mgonjwa amelishwa ni mfumo wa limfu wa utumbo, yani yale majimaji yanayotoka kwenye tishu na kurudi kwenye damu kwa mishipa yake yenyewe.

Kwa wasiokumbuka darasani, mafuta mengi tunayokula hayaingii kwenye damu moja kwa moja. Yanafungwa kwenye vidonge vidogo vinavyoitwa kailomikroni, vinaingia kwenye mishipa ya limfu ya utumbo, na hiyo limfu nyeupe yenye mafuta ndo kailo. Inakusanyika mbele ya uti wa mgongo usawa wa kiuno, inapanda na mfereji mkuu mmoja ambao ukiingia kifuani unatembea upande wa kulia wa uti, ukifika kama pingili ya tano ya kifua unavuka kwenda kushoto, halafu unamwaga kwenye mishipa mikubwa ya damu chini ya shingo upande wa kushoto. Kwa siku zinapita lita kama 1.5 hadi 2.5, na zinaweza kuzidi mtu akila mafuta. Mfereji wenyewe ni mwembamba milimita chache tu, ukuta wake kama karatasi, na umelala nyuma kabisa ya umio. Kwa hiyo mtu anayetolewa umio, daktari anakata na kuchoma jirani kabisa na huo mfereji, na mbaya zaidi hauko sehemu moja kwa watu wote, kuna wenye mifereji miwili, kuna wenye matawi ya pembeni, yani ile picha ya kitabuni ni ya baadhi ya watu tu. Hata mikono mizuri inaweza kuukwangua bila kuona, hasa kwa vile mgonjwa amefunga tangu jana yake na kilichomo ndani ya mfereji muda huo ni limfu nyembamba isiyo na rangi.

Hilo la kufunga halijaanza leo. Mwaka 1622 daktari Gaspare Aselli kule Italia alipasua mbwa akaona nyuzi nyeupe zimetapakaa kwenye utando wa utumbo, akajaribu tena kwa mbwa mwingine asizione, mpaka alipogundua kwamba yule wa kwanza alikuwa ametoka kula. Mfereji mkuu wa kifuani ulielezwa baadaye na Mfaransa Jean Pecquet, 1651. Zaidi ya miaka 400 imepita na bado tunanaswa na kitu kile kile: mgonjwa amefunga, maji hayana weupe, tunasema hii siyo kailo. Ni kosa kusubiri weupe, kwa mgonjwa aliyetoka operesheni na hajala, maji yanaweza kuwa ya njano safi au mekundu kidogo na bado yakawa ni limfu inayovuja. Ndo maana mi nashikilia kwamba kiasi cha maji kupanda baada ya lishe ni dalili nzuri kuliko rangi.

Turudi kwa mgonjwa. Walifanya mambo mawili kwa pamoja siku hiyo ya tano. La kwanza kumtoa kwenye hatari ya pumzi: altrasaundi ilionyesha maji yamejikusanya nyuma chini, ule mrija wa awali ncha yake imekaa juu na ndani yake kuna utando umeganda (limfu nayo inaganda, watu wengi hawajui), wakaweka mrija mwingine mdogo pale maji yalipo wakayatoa taratibu, pafu likafunguka, oksijeni ikapanda 95. La pili wakapeleka maji maabara na hawakupeleka kwa kipimo kimoja. Triglisaraidi (aina ya mafuta) ikatoka 340 mg/dL, yani kama 3.8 mmol/L, wakati ya kwenye damu siku hiyo hiyo ilikuwa 98. Seli nyeupe asilimia 88 ni limfosaiti, aina inayojaa kwenye limfu. Amilesi ya maji (kimeng'enya ambacho hupanda muunganiko ukivuja) kawaida, hakuna bakteria kwenye hadubini, na CT skani ya kunywa dawa ya rangi haikuonyesha muunganiko kuvuja.

Mpaka unaotumika sana ni triglisaraidi ikizidi 110 mg/dL (1.24 mmol/L) basi karibu ni hakika ni kailo, ikiwa chini ya 50 uwezekano ni mdogo, na katikati hapo unatafuta kailomikroni zenyewe kwenye maji. Ila huo mpaka unamdhania mtu anayekula! Mgonjwa aliyefunga anaweza kuwa chini ya 110 na mfereji umepasuka. Hao ndo wale ambao baadhi ya timu huwapa mafuta kidogo kwa mrija makusudi halafu wanapima tena. Kwa huyu haikuhitajika, lishe yenyewe ilishafanya hiyo kazi. Limfosaiti kutawala kunasaidia sana pia, maji ya usaha hayawi hivo. Na kama kuna mtu anawaza kuhusu maji meupe yanayotokana na kolesteroli, hayo ni ya maji yaliyokaa kifuani miaka, kwenye utando unaozunguka pafu uliokuwa mnene, hayamhusu mtu wa siku tano.

Kwa nini upande wa kulia? Kwa sababu mfereji ukipasuka chini, kabla haujavuka, unamwagia kulia, ukipasuka juu ya pingili ya tano unamwagia kushoto. Na hapa utando wa kulia ulishafunguliwa na operesheni. Kwa hiyo tu kwa kuangalia upande unaanza kukisia tundu liko wapi.

Jioni hiyo lishe ya utumbo ikasimamishwa, akawekwa kwenye lishe ya mshipa. Kuna swali huwa linaulizwa kila mara, mbona lishe ya mshipa nayo ina mafuta, si yatavuja? Hayavuji, yale yanaingia kwenye damu moja kwa moja hayapiti kwenye limfu ya utumbo, na ni vizuri yawepo maana mtu akinyimwa mafuta yote muda mrefu anakosa yale mafuta muhimu ambayo mwili hauwezi kuyatengeneza. Wengine huanza na lishe ya mafuta ya mnyororo wa kati, ambayo kwa sehemu kubwa yanapita kwenye mshipa wa damu wa kwenda ini na kuukwepa mfereji, ni njia nzuri kwa mtu anayevuja kidogo, ila kwa anayemwaga lita na nusu kupumzisha utumbo kabisa kunaeleweka zaidi. Akaongezewa oktreotaidi maikrogramu 100 chini ya ngozi mara tatu kwa siku, dawa ambayo inapunguza majimaji ya utumbo na mtiririko wa limfu. Ushahidi wake kwa wagonjwa wa operesheni siyo mzito kivile, wanaitumia kwa sababu haina madhara mengi ukifuatilia sukari, na mi sioni ubaya ila isiwe sababu ya kuendelea kusubiri.

Siku ya sita mil 1,350 na rangi imerudi kuwa ya njano. Hapa kuna mtego mwingine, ndugu wakaona maji yamekuwa masafi wakafurahi, na hata kwenye raundi mtu anaweza kuandika "kailo imekata". Haijakata. Mafuta ndo yamekata, limfu inaendelea kumwagika. Siku ya saba 1,100, ya nane 1,200, ya tisa 1,150.

Na sasa tuangalie kinachoondoka na hayo maji, kwa sababu kwa mawazo yangu watu wanaangalia sana pafu lililobanwa wanasahau mwili unaomwagika. Kila lita ya kailo inabeba protini za kutosha, gramu 20 hadi 30 hivi, inabeba limfosaiti kwa mamilioni na nyingi ni za aina ya T, kingamwili, vitamini A, D, E na K, sodiamu. Hata dawa baadhi zinapotelea humo. Albumini ya mgonjwa ikashuka kutoka 33 mpaka 24, sodiamu ikawa 130, chini ya kawaida, limfosaiti za kwenye damu kutoka 1.4 hadi 0.4. Kailo yenyewe kifuani haipendi bakteria kwa hiyo ni nadra maji yale kugeuka usaha, na haiumizi utando, ndo maana mgonjwa hana homa wala maumivu ya kuchoma ya kukuamsha. Unakuwa utulivu wa kudanganya kweli kweli.

Siku ya nane homa ikapanda 38.6, akaanza kukohoa makohozi mazito, na eksirei ikaonyesha kivuli kipya chini upande wa KUSHOTO. Siyo upande wenye maji. Nimonia. Ukiitazama peke yake unasema ah nimonia ya baada ya operesheni, kawaida. Lakini mtu huyu ana kovu kubwa la kifuani hakohoi vizuri, pafu la kulia limekuwa likibanwa siku kadhaa, albumini iko chini, na askari wake wote wa kinga wanaishia kwenye chupa. Alipewa antibayotiki kwa mshipa, mazoezi ya pumzi, akakalishwa kitini, dripu za lishe zikapunguzwa maji ili pafu lisilowe zaidi. Alishikilia bila kuwekewa mashine ya kupumulia, ila kwa shida.

Kwa hiyo swali la siku ya tisa: tunasubiri au tunaingia? Kabla ya 1948 karibu nusu ya waliopasuka mfereji walikuwa wanakufa, wengi kwa kudhoofika taratibu, mpaka pale daktari mpasuaji Lampson alipoonyesha kwamba mfereji unaweza kufungwa kwa uzi na mtu akaishi vizuri, kwa sababu limfu inatafuta njia nyingine za pembeni kurudi kwenye damu. Tangu hapo ubishi umekuwa ni lini. Wengi wanatumia kigezo cha zaidi ya lita 1 kwa siku kwa siku kama tano, wengine wanahesabu kwa uzito, zaidi ya mil 10 kwa kilo kwa siku, ambayo kwa kilo 62 ni mil 620. Huyu alikuwa amevuka vyote viwili. Na mi nasema tena, mvujo mkubwa baada ya operesheni ya umio haufanani na mvujo mdogo baada ya operesheni ya pafu. Wa pafu mara nyingi unafunga wenyewe kwa lishe tu. Huu wa umio mara nyingi ni mfereji wenyewe umekatika, na kila siku unayoongeza ya kungoja unamlipisha mgonjwa kwa albumini na kinga, halafu ndo unampeleka theatre akiwa amechoka zaidi.

Kufungua kifua tena kwa mtu mwenye nimonia upande wa pili, anayetumia pafu moja na nusu, hakumpendezi mtu yeyote. Hospitali iliyo na wataalamu wa radiolojia wanaoweza kazi hii ina mlango mwingine, ambao mtaalamu wa radiolojia Constantin Cope aliufungua mwishoni mwa miaka ya 1990. Unachoma tezi za limfu za kinenani kwa sindano nyembamba ukiongozwa na altrasaundi, unaingiza Lipiodol, mafuta yenye ayodini yanayoonekana kwenye eksirei, unayaangalia yanavyopanda polepole mpaka kwenye mfereji. Yakifika kwenye tundu unayaona yanamwagika. Halafu unapitisha sindano ndefu kutoka mbele ya tumbo mpaka kwenye lile kusanyiko la limfu, unaingiza waya na katheta (mrija mwembamba sana) ndani ya mfereji, na kuuziba kwa koili, yani vispringi vidogo vya chuma, na gundi.

Kulikuwa na tahadhari moja ya pafu ambayo timu iliijadili na inastahili kutajwa. Lipiodol inayofika mwisho wa mfereji inaingia kwenye damu na kituo chake cha kwanza ni vimishipa vidogo vya mapafu. Kwa mtu mzima wa kawaida haisumbui sana, lakini pafu ambalo tayari lina nimonia linaweza kushindwa, na kama moyo una tundu kati ya kulia na kushoto mafuta yanaweza kufika kwenye ubongo. Ndo maana kipimo hakizidishwi mil 20 kwa kawaida, na kwa huyu walitumia chini ya nusu ya hapo na moyo ulipimwa kwanza kwa eko, yani altrasaundi ya moyo.

Siku ya kumi ikafanyika. Mafuta yalipanda, tundu likaonekana upande wa kulia usawa wa pingili ya nane, waliingia mfereji kwenye jaribio la pili la sindano, koili kadhaa na gundi juu na chini ya tundu. Isingewezekana kuingia (hutokea, lile kusanyiko la limfu kwa wengine ni dogo au halipo kabisa) bado ile Lipiodol peke yake huziba baadhi ya mivujo kwa kuwasha tishu pale inapomwagika, na baada ya hapo ndo ingebidi kufungua kwa kamera, kumpa mafuta kwa mrija masaa machache kabla ili tundu lijionyeshe, na kufunga mfereji pamoja na tishu zote zinazouzunguka juu kidogo ya kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo.

Usiku ule alihitaji oksijeni zaidi kidogo na kikohozi kikavu, asubuhi kikapungua. Siku ya kumi na moja mil 400, iliyofuata 180, kisha 90. Homa ilishakata. Wakarudisha lishe ya utumbo, kwanza ya mafuta ya mnyororo wa kati, na siku ya kumi na tano lishe ya kawaida yenye mafuta yote, mrija wa kifua ukiwa bado ndani. Hili la mrija kubaki ndani ni muhimu jamani, kuutoa kwa sababu chupa ni kavu wakati mgonjwa hajapewa mafuta ni kucheza bahati nasibu. Mil 70, njano, triglisaraidi 31. Siku ya kumi na saba ukatolewa.

Kuna watu watauliza kwa nini mfereji usifungwe tu kwa kila mtu siku ile ile ya operesheni ya umio. Kuna timu zinafanya hivo kama kinga na kuna zinazokataa, na matokeo ya pande zote mbili hayajamaliza ubishi. Mi naona pale uvimbe ulipogusana na mfereji, au daktari akiona majimaji yanarudi pale pale kila akikausha, afunge.

Pia nisiwaache na picha kwamba limfu baada ya operesheni inaleta shida kwa kumwagikia nje ya pafu tu. Kwa baadhi ya watoto wenye moyo wa chemba moja waliofanyiwa operesheni ya Fontan (ya kupeleka damu ya vena moja kwa moja kwenye mapafu), iliyochapishwa mara ya kwanza 1971, presha ya mishipa inabaki juu na limfu inakosa pa kumwaga, inarudi nyuma kuingia ndani ya njia za hewa na kuganda, mtoto anakohoa kitu chenye matawi kama mzizi, umbo la mirija ya pafu lake mwenyewe. Njia ni tofauti kabisa na ya mgonjwa wetu ila uchunguzi na tiba vinaelekea kule kule, kuipiga limfu picha na kuziba njia mbovu.

Mgonjwa alitoka akiwa na kilo 57. Picha ya kliniki baada ya wiki sita ilionyesha maji kidogo tu kwenye kona ya kulia, pafu limejaa, na ile Lipiodol iliyobaki ikionekana kama nukta nyeupe pembeni ya uti wa mgongo, ambayo asiyejua historia anaweza kuiandika kama kitu kingine, kwa hiyo aliandikiwa kwenye karatasi yake. Aliambiwa pia aseme kama miguu itaanza kuvimba au kuharisha kusikoisha kutamuanza, kwa sababu wachache waliozibwa mfereji hupata hayo miezi au miaka baadaye, na daktari wa wakati huo hatakuwa na sababu ya kufikiria limfu asipoambiwa.